Nyuma ya Kila Tarumbeta Kuna Mwalimu

Ukitoka Iringa mjini kwa basi la asubuhi, Mafinga haiko mbali: ni kama kilomita 80 kwenye barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia. Baridi hukupokea njiani kabla hujafika. Waliopanda na mashati mepesi huanza kufunga vioo, akina mama huvuta vitenge hadi masikioni, na mazungumzo ndani ya basi hupungua. Kisha misindano ya Sao Hill hujitokeza, safu kwa safu, na malori ya mbao hupishana na matangi ya mafuta ya Zambia. Mafinga ni mji wa mbao na wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Harufu ya mbao mbichi imetanda kila mahali, na kambi yake imepokea vizazi vya vijana kutoka mikoa yote ya nchi. Nilibaki kwenye basi mpaka Nyololo, nikashuka, nikaingia kwenye Noah iliyokuwa ikingoja kujaa. Konda akafunga magunia juu ya keria, sisi tukabanana ndani, tukaacha barabara kuu na kushika njia ya Igowole.

Nilikuwa na sababu ya safari hiyo. Kwa miaka mingi nimeandika juu ya muziki wa dansi, na katika maandishi yetu sote wenye majina ni waimbaji na wapiga gitaa. Tunajua nani alitunga, nani aliimba sauti ya pili, nani alikung'uta solo. Wapulizaji tunawaweka mstari wa mwisho, tukikumbuka. Usiku mmoja, mpuliza tarumbeta wa bendi moja ya Dar es Salaam aliposhuka jukwaani, nilimuuliza alijifunza wapi kupuliza sauti iliyotulia namna ile. Hakutaja chuo. Alinitajia mzee wa Igowole, akasema kila anachokijua kimetoka kwake, na akanisihi niende nikamwone angali hai.

Igowole ni senta ya biashara katika Wilaya ya Mufindi, mahali ambapo watu wa vijiji vya jirani huleta viazi, mahindi, njegere, mbao na parachichi, na kurudi na sabuni, chumvi na buti za mpira. Ukiendelea mbele, upande wa Kibao, mashamba ya chai hushuka na kupanda vilima mpaka macho yachoke. Asubuhi ukungu hulala juu ya chai, na wachumaji huonekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Wahehe na Wabena wa huku husalimiana kwa "Kamwene", na mgeni akiitikia vizuri hupewa kiti kabla hajaeleza shida yake. Kijana wa bodaboda niliyemuuliza hakuhitaji jina. Nilipomwambia namtafuta mwalimu wa matarumbeta, aliwasha pikipiki.

Nilimkuta mzee ameketi nje, amevaa koti zito la sufu, jiko la mkaa likiwa miguuni pake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mianzi ya ulanzi, na ng'ambo ya uzio mche mmoja mmoja wa parachichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, sogea kwenye moto."

Nilipomweleza nimetoka wapi na nani amenituma, alicheka, akaita mjukuu wake alete chai. Aliniomba jambo moja: nisiandike jina lake. Sifa, alisema, niwape waliomfundisha yeye. Nimeheshimu ombi hilo, na kadiri alivyozungumza ndivyo nilivyoelewa kwa nini aliliweka mwanzoni. Nilipomwomba anipulizie japo kidogo, alifungua mdomo akanionyesha ufizi. Meno ya mbele ya juu yalishakwisha kutoka. Mpulizaji huegemeza mdomo wa tarumbeta kwenye midomo yake, na nyuma ya midomo hiyo lazima pawe na meno ya kuihimili. Yakitoka, sauti huvunjika. Miaka mingi imepita tangu alipopuliza wimbo mzima, lakini watoto wa Igowole wanapuliza kila wiki, na kila noti wanayoipata imepita kwake.

Alianza akiwa mtoto, katika shule ya misheni, kwa mwinjilisti aliyekuwa na tarumbeta moja na kitabu kimoja cha nyimbo. Hilo si jambo la ajabu katika Nyanda za Juu Kusini. Wamisheni wa Kijerumani, Wamoravian na Walutheri wa Berlin, walifika Rungwe na Unyakyusa mwaka 1891, kisha Walutheri wakaenea hadi Ubena na Uhehe. Walitoka katika nchi ambako ibada bila vyombo vya shaba ilionekana pungufu. Kwa Wamoravian, alfajiri ya Pasaka watu huenda makaburini na matarumbeta ili ufufuko utangazwe kwa sauti inayosikika mbali. Vyombo vya shaba vilifaa milimani huku: havihitaji umeme, havilegei kwa unyevunyevu kama ngozi ya ngoma, na sauti yake huvuka bonde. Mpaka leo, katika sharika nyingi za Kanisa la Kilutheri, KKKT, nyimbo za kitabu cha Mwimbieni Bwana hupulizwa kwa sauti nne kabla waumini hawajafungua vinywa.

Njia ya pili ya tarumbeta kuingia nchini ilikuwa ya jeshi. Wajerumani walikuwa na bendi ya shaba ya askari Waafrika Dar es Salaam. Waingereza walikuja na bendi za King's African Rifles. Huko pwani, Lamu, Mombasa na Zanzibar, tangu miaka ya 1890 vijana walikuwa wameshachukua gwaride na mabaragumu ya Wazungu wakatengeneza ngoma yao, beni, yenye vyama vyake, vyeo vyake na mashindano yake. Katika Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti viligawana miji. Vita Kuu ya Kwanza ilipowazungusha askari na wapagazi bara zima, beni ilikwenda nao hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Kule, mahali ambapo shaba haikupatikana, watu walikata vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakapuliza. Ndiyo asili ya mganda, ambao unachezwa hadi leo kwa mistari iliyonyooka na sauti ya vibuyu inayoiga bendi ya askari. Mzee aliponieleza hayo alisema kwamba mtu akitaka kupuliza, kukosa tarumbeta hakumzuii. Kinachomzuia ni kukosa mtu wa kumwonyesha.

Yeye alipita njia zote mbili. Kanisani alijifunza kushika wimbo, jeshini alijifunza kusoma nota. Alipokuwa kijana aliingia JKT, akachaguliwa bendi, na huko akakutana na mkufunzi mkali ambaye hakumruhusu kugusa chombo kwa majuma kadhaa. Walisimama kwenye mstari wakipumua: kuvuta kwa kuhesabu nne, kutoa kwa kuhesabu nane, kisha kumi na mbili, kisha kumi na sita. Wengine walikata tamaa. Yeye, aliyekwisha kuzoea kupuliza tenzi katika baridi ya Mufindi, aliona ni kazi ya kawaida. Mkufunzi huyo na yule mwinjilisti ndio aliotaka sifa zao ziandikwe, na kwa bahati mbaya hakuna kumbukumbu ya bendi wala santuri yenye majina yao.

Kutoka jeshini akahamia bendi ya dansi iliyomilikiwa na shirika moja la umma. Vijana wa leo huenda wasijue jinsi mambo yalivyokuwa. Baada ya Uhuru, muziki wa dansi ulikuwa ajira. Nuta Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, ikabadili jina kila jumuiya ilipobadilika, Juwata, kisha Ottu, mpaka ikawa Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, Polisi walikuwa na Polisi Jazz, Jeshi la Wananchi, JWTZ, lilikuwa na Mwenge Jazz, JKT walikuwa na Kimulimuli. Iringa nayo ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kampuni iliyokata almasi, na watu wa mji huo wanaikumbuka kama wanavyokumbuka timu ya mpira. Mwanamuziki alilipwa mshahara kwa mwezi, akapewa sare, akapewa chombo. Chombo kilikuwa mali ya ofisi.

Tarumbeta lilikuwa na kazi yake ndani ya wimbo wa dansi, na mzee alinieleza kama fundi anavyoeleza nyumba. Chimbuko la mtindo huo liko Cuba. Kuanzia mwaka 1933, santuri za GV za kampuni ya His Master's Voice zilileta Afrika nyimbo za son kutoka Havana, na ndani yake tarumbeta lilikuwa likizungumza na mwimbaji. Wanamuziki wetu walisikiliza hizo santuri mpaka zikachakaa. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, naye hakuficha alikotoka muziki huo. Katika dansi la Tanzania tarumbeta na saksafoni hufungua wimbo, kisha hunyamaza mwimbaji anapoanza, kisha hujibu mwisho wa kila ubeti, na wimbo unapofika kwenye chemko hurudi kwa nguvu kuwainua watu vitini. Mzee alisema kazi ngumu kuliko zote ni kunyamaza. Mpulizaji mchanga hutaka kujaza kila nafasi. Mpulizaji aliyekomaa husubiri mwimbaji amalize hoja yake, kisha huongeza neno moja linalostahili.

Nilimuuliza juu ya wakati wa bendi kufa. Alijibu kwa ufupi kuliko alivyojibu swali jingine lolote. Mashirika yalianza kuyumba, mengine yakauzwa, mengine yakafungwa. Kinanda cha umeme kikaja, mtu mmoja akaweza kuigiza safu nzima ya shaba kwa vidole viwili, na mwenye bendi akapunguza mishahara mitatu. Siku ya mwisho, mzee aliitwa stoo, akakabidhi sare, akakabidhi tarumbeta, akasaini kwenye daftari, akapanda basi la kurudi Mufindi. Alikuwa amekipuliza chombo kile kwa miaka, akijua kila alama iliyo kwenye shaba yake. Kijijini alirudi mikono mitupu, akalima viazi na kupanda misindano kama majirani zake.

Watu wengi wa rika lake waliishia hapo. Hadithi yake iliendelea kwa sababu usharika mmoja wa jirani ulipokea matarumbeta yaliyotumika kutoka kwa wenzao wa Ujerumani. Yalikaa kabatini kwa muda mrefu, kwa maana hakuna aliyejua kuyatumia. Mzee wa kanisa mmoja akakumbuka kwamba kuna mkulima wa viazi ambaye zamani alipuliza. Ndipo alipoanza kazi ambayo, kwa maneno yake, ndiyo hasa aliyoitiwa.

Jioni tulikwenda pamoja kwenye ukumbi wa kanisa. Watoto walikuja na sare za shule, wengine na majembe begani, zaidi ya kumi, wasichana wakiwa karibu nusu. Vyombo havikuwatosha, kwa hiyo wawili wawili walishirikiana tarumbeta moja, kila mmoja na mdomo wake wa chombo mfukoni. Mdomo ule mdogo wa shaba hukaa na mtoto siku zote. Anaupasha joto kwenye kiganja, anauosha, anaulinda. Mwili wa tarumbeta hubaki kanisani. Kwa mpango huo hata mtoto asiye na chombo huwa na kipande cha chombo ambacho ni chake, na anaweza kufanya zoezi akichunga mbuzi.

Somo la kwanza halikuwa na tarumbeta hata moja. Walisimama, wakapumua kwa hesabu, kama vile mkufunzi wa JKT alivyomfundisha mwalimu wao. Kisha wakatetemesha midomo mitupu, sauti ya nyuki wengi. Hapo ndipo muziki unapotoka, mzee alisisitiza: tarumbeta lenyewe halitoi sauti, linakuza mtetemo wa midomo. Vitufe viko vitatu tu. Cha katikati kinashusha sauti kwa nusu hatua, cha kwanza kwa hatua nzima, cha tatu kwa hatua moja na nusu. Sauti nyingine zote hupatikana kwa kuviunganisha vitufe hivyo na kwa kukaza na kulegeza midomo. Kwa hiyo mtoto hawezi kupata noti kwa kubonyeza tu, kama kwenye kinanda. Lazima aisikie kichwani kwanza. Asipoisikia, midomo haijui iende wapi.

Ndiyo maana kukosa meno hakujamwondolea mzee ualimu. Huimba. Anaanza "do", sauti yake nyembamba lakini safi, na mtoto anaitafuta kwenye shaba. Akiikosa, mzee haimbi kwa sauti kubwa zaidi; anaimba polepole zaidi. Solfa zake ziko sawasawa kiasi kwamba nilijaribu kuzilinganisha na kinanda kilichokuwa ukumbini na sikuona tofauti. Baridi nayo ni sehemu ya somo. Shaba iliyopoa hushuka sauti, na jioni ya Juni Mufindi inaweza kushusha bendi nzima. Watoto walifundishwa kupuliza hewa kimyakimya ndani ya chombo mpaka kipate joto la mwili, ndipo wapatanishe. Vitufe hulainishwa kwa mafuta ya cherehani. Mrija uliochomoka hupelekwa kwa fundi wa kulehemu anayetengeneza pia masufuria, naye amejifunza kutumia moto mdogo.

Walipiga tenzi mbili kwa sauti nne. Ya pili ilipokwisha, mzee alipiga makofi ya rumba, na msichana mmoja wa kidato cha tatu akaanza kifungu cha kujibu cha mtindo wa zamani wa dansi. Wenzake wakaingia nyuma yake. Kilikuwa kifungu kifupi, lakini kilinyamaza pale kinapopaswa kunyamaza. Nilijua pale pale kwamba nimeshakusikia kunyamaza kule, kwenye jukwaa la Dar es Salaam.

Usiku, tukiwa tumezunguka jiko, tulizungumza juu ya Hugh Masekela, mpuliza tarumbeta wa Afrika Kusini. Mzee alimfahamu kwa redio, na alimpenda kwa sababu moja iliyo karibu na nyumbani. Kabla ya Uhuru, vijana wengi wa Mbeya, Rungwe na Ukinga walikwenda Wenela, yaani kuandikishwa na shirika la migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipokomesha uandikishaji huo. Masekela alizaliwa mwaka 1939 Witbank, mji wa makaa ya mawe, akakulia katika nyumba ya bibi yake aliyewauzia wachimbaji pombe. Aliwasikia wakiimba kwa lugha za nchi zote za kusini. Wimbo wake Stimela, juu ya treni iliyowabeba wachimbaji, ni wimbo wa baba na wajomba za watu wa Nyanda za Juu pia.

Jinsi Masekela alivyolipata tarumbeta inaihusu Tanzania kwa namna ambayo wengi hawaijui. Alikuwa na miaka 14, mtundu, mwanafunzi wa St Peter's huko Johannesburg. Mlezi wake shuleni alikuwa padri wa Kianglikana kutoka Uingereza, Trevor Huddleston. Kijana alikuwa ameona filamu juu ya mpuliza tarumbeta, akamwambia padri kwamba akipata chombo hicho hatamsumbua mtu tena. Padri alinunua tarumbeta, kisha akafanya jambo ambalo ndilo muhimu: akamtafutia mwalimu, Mzee Sauda, kiongozi wa bendi ya shaba ya manispaa ya Johannesburg. Shuleni ikazaliwa Huddleston Jazz Band, na ndani yake alikuwamo pia mpuliza tromboni Jonas Gwangwa. Huddleston alipoitwa kurudi kwao kwa sababu ya kuupinga ubaguzi wa rangi, alipita Marekani mwaka 1956 akakutana na mpuliza tarumbeta Louis Armstrong, akamsimulia habari za vijana wale. Armstrong akawatumia tarumbeta lake. Huddleston mwenyewe mwaka 1960 akaja kwetu kuwa Askofu wa Masasi, akakaa mpaka 1968.

Armstrong alikuwa na sababu ya kulitoa lile tarumbeta. Akiwa na miaka 11 alifyatua bastola barabarani New Orleans katika sherehe za kuukaribisha mwaka 1913, akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea wavulana weusi. Mwalimu wa bendi ya nyumba hiyo, Peter Davis, ndiye aliyemfundisha kupuliza. Dunia nzima inamjua Armstrong. Watu wa Léopoldville walimbeba kitini mwezi Oktoba 1960 kama mfalme. Wangapi wanamjua Davis? Wangapi wanamjua Sauda? Masekela alikwenda kusoma New York, mwaka 1968 wimbo wake Grazing in the Grass ukashika namba moja Marekani, na alipoweza kukaa tena karibu na kwao, Botswana katika miaka ya 1980, alishiriki kuanzisha shule ya muziki. Deni alilijua, akalilipa kwa kufundisha. Alifariki mwaka 2018.

Mzee alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: yule mwalimu wa manispaa, Sauda, alipata wanafunzi wangapi wengine? Sikuwa na jibu. Kwake hilo ndilo lililokuwa swali lenye uzito. Mwanafunzi mmoja maarufu anaweza kuwa bahati. Bendi nzima inayopuliza baada ya mwalimu kuondoka ni kazi.

Muziki wa dansi wa Tanzania una walimu wa aina hiyo, na baadhi tunaweza kuwataja. Marehemu Michael Enoch, aliyeanza kung'ara na gitaa katika Dar es Salaam Jazz na baadaye akaiongoza Mlimani Park na kupuliza saksafoni, aliitwa Ticha na wenzake, jina alilopewa kwa haki. Msondo Ngoma bado ina safu ya shaba, na tarumbeta la Roman Mng'ande limewashikilia mashabiki waliozaliwa baada ya bendi nyingine kuzimika. Bendi za Polisi na majeshi zinaendelea kufundisha. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi, Zanzibar, mwaka 2002. Nje ya mipaka yetu, watoto wa mitaani wa Kampala walijipanga mwaka 1996 wakaunda M-Lisada, bendi ya shaba iliyogeuka kuwa makao yao. Na Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics tangu 2008 umewapa watoto vyombo na walimu kando ya dampo la Dandora. Huku Dar es Salaam, matarumbeta ya harusi yanazunguka mitaa kila Jumamosi juu ya pikapu, na vijana wanalipwa kwa kupuliza.

Ukiangalia orodha hiyo, utaona mahitaji si makubwa kama tunavyoambiwa. Nchi hii haikosi pumzi, haikosi hata shaba: kuna matarumbeta yaliyofungiwa kwenye makabati ya sharika, shule na stoo za mashirika yaliyokufa. Kinachokosekana ni kumuunganisha aliyewahi kupuliza na mtoto anayetaka kupuliza, na kumlipa yule wa kwanza chochote ili asilazimike kuchagua kati ya viazi na wanafunzi. Tunawaita wanamuziki wakongwe kwenye matamasha, tunawavisha mashada, tunawaomba wapige wimbo mmoja wa zamani. Tungewaomba wafundishe. Mwimbaji huacha sauti yake kwenye kanda. Alichonacho mpulizaji, namna ya kushika pumzi, mahali pa kunyamaza, kiasi cha kukaza mdomo, hakiwezi kusikika kikamilifu kwenye kanda. Hupita kwa mtu kumtazama mtu.

Asubuhi nilipokwenda kuaga, mzee hakuwa nyumbani. Nilimkuta ukumbini, ameketi nyuma kabisa, na mbele alikuwapo yule msichana wa kidato cha tatu akiwafundisha wadogo waliokuja kabla ya kengele ya shule. Aliwapanga mstari, akawarekebisha mabega, akahesabu nne za kuvuta na nane za kutoa. Mmoja alipochezacheza na vitufe alimnyang'anya tarumbeta, akamwambia aimbe kwanza. Mzee hakuingilia hata mara moja. Nilipomuuliza kama hana la kuongeza, alisema binti amepata wanafunzi wake watano, na kwamba mwakani atamtaka kila mmoja wao awe na mtoto mmoja wa kumfundisha. Kwa hesabu hiyo, Igowole itakuwa na wapulizaji wengi kuliko bendi yoyote aliyowahi kuitumikia, na hilo ndilo jukwaa kubwa kuliko yote aliyopanda.